Jinsi ya kupima bawa la ndege kwa baiskeli, kama walivyofanya ndugu Wright mwaka 1901

Mwezi Oktoba 1901, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, Wilbur na Orville Wright walifunga gurudumu la tatu mbele ya usukani wa baiskeli. Gurudumu hilo lililala bapa kama sinia na lilizunguka bila kizuizi. Juu ya ringi yake walisimamisha vipande viwili: bati bapa lililokabili upepo, na kipande kilichopinda kama bawa. Kisha mmoja akapanda na kuendesha kwa nguvu huku akitazama gurudumu linaelekea upande gani.

Watu wengi wakisimulia habari za ndugu hawa husema walikuwa mafundi baiskeli, basi wakachukua cheni na spoku wakatengeneza ndege. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu ndogo. Faida kubwa waliyoipata kwenye baiskeli ni njia ya kupima. Jaribio lile linaweza kurudiwa Mbeya, Iringa au Njombe kwa vifaa vya fundi wa kawaida, na kwa klabu ya sayansi ya sekondari hatujui jaribio la anga lenye gharama ndogo linalofundisha zaidi ya hili. Hapa tunaeleza namna ya kulitengeneza, namna ya kulisoma, na mahali linapoharibika.

Walichokuwa wanakitafuta

Ndugu Wright walifungua duka la baiskeli mwaka 1892, na kuanzia 1896 wakawa wanaunda baiskeli zao wenyewe, Van Cleve na St. Clair. Ndege yao ya pili isiyo na injini, ya mwaka 1901, iliwavunja moyo: nguvu ya kuinua ilikuwa kama theluthi moja tu ya walivyokokotoa. Mahesabu yao yalitegemea jedwali la Otto Lilienthal, Mjerumani aliyefariki mwaka 1896 baada ya kuanguka na ndege yake, pamoja na namba ya zamani ya msukumo wa hewa iliyoitwa kwa jina la Mwingereza John Smeaton. Kosa lilikuwa wapi?

Kwa jedwali walilokuwa nalo, bawa lililopinda lenye eneo la futi 1 ya mraba, likiinamishwa nyuzi 5, lilipaswa kulingana nguvu na bati bapa la futi 0.66 za mraba lililokabili upepo moja kwa moja. Kwenye baiskeli, mizani haikulingana kwenye nyuzi 5. Ililingana karibu na nyuzi 18.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba hakihitaji kujua kasi ya upepo, wala uzito wa hewa, wala ile namba ya Smeaton. Vipande vyote viwili viko kwenye hewa ileile na kasi ileile, hivyo kila kinachoongeza nguvu ya kimoja huongeza ya kingine kwa uwiano uleule. Kwetu wa nyanda za juu jambo hili lina uzito wa pekee. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15. Ndege inayoruka uwanja wa Songwe, karibu na Mbeya, hulazimika kukimbia zaidi kuliko inayoruka pwani ikiwa na mzigo uleule. Lakini mizani ya gurudumu itatoa pembe ileile Mbeya, Tanga au Dayton.

Vifaa

Baiskeli yoyote imara ya inchi 28 inafaa. Phoenix ya zamani ni nzuri kwa sababu ya uzito wake. Tafuta gurudumu jingine la mbele la inchi 28, bila tairi wala tyubu, ringi ikiwa imenyooka. Ukizunguka kwa mafundi wa Mwanjelwa au kule Mashine Tatu, Iringa, utapata lililotumika. Ongeza bati bapa la geji 30, plaiwudi ya mm 12 na ya mm 6, skwea paipu ya inchi 1 yenye urefu wa mita 1.5, bolti za mm 6 na nati za masikio, skrubu fupi za nusu inchi, waya wa kufungia nondo, washa za kutosha, kipimapembe cha shule, na mafuta mepesi ya cherehani.

Gurudumu

Fungua habu, toa grisi yote, osha gololi kwa mafuta ya taa, zikague, kisha rudisha kwa matone machache ya mafuta ya cherehani. Grisi ni adui wa jaribio hili. Ukiendesha kwa kilomita 18 kwa saa hapa Mbeya, nguvu inayosukuma bati bapa ni ndogo, karibu sawa na uzito wa gramu 85. Habu nzito ikila gramu 20 za hiyo, majibu yako ni ya habu, siyo ya bawa. Kaza koni hadi mchezo uishe, usizidishe hapo.

Pima hivi: simamisha gurudumu wima, funga kwenye ringi nati moja ya spana namba 13, ambayo ina kama gramu 5, uiweke usawa wa ekseli, kisha achia. Lazima nati ishuke chini yenyewe kutoka upande wowote utakaoanzia. Ikigoma, legeza koni au badilisha gololi.

Kata vipande viwili vya plaiwudi ya mm 6, upana sm 8 na urefu wa kutosha kutoka karibu na habu hadi nje kidogo ya ringi. Vilaze juu ya spoku, kimoja kikielekea mbele na kingine kulia, nyuzi 90 kati yao, uvifunge kwa waya sehemu nne kila kimoja. Kwenye kila kipande toboa tundu la mm 6 lililo sm 31 kutoka katikati ya ekseli. Umbali huu uwe sawa kabisa pande zote mbili. Tofauti ya sm 3 inaharibu matokeo kwa karibu asilimia 10.

Bawa na bati bapa

Tumechagua vipimo vinavyotunza uwiano wa 0.66. Bawa liwe na eneo la sm 30 kwa 30, yaani sm 900 za mraba. Bati bapa liwe sm 27 kwa 22, yaani sm 594 za mraba.

Mpindo wa bawa uwe moja ya kumi na mbili ya upana wake, ndio uliokuwa kwenye jedwali la Lilienthal: kwa sm 30, kina cha sm 2.5. Ili kuuchora, funga penseli kwenye uzi wa sm 46.25 na uchore tao juu ya plaiwudi ya mm 12. Kata mbavu mbili zinazofanana, ndefu sm 30 na nene sm 4, moja ya chini na moja ya juu. Bati likatwe sm 30.6 upande unaopinda, kwa sababu tao ni refu kuliko mstari ulionyooka, ukiongeza sm 1 kila ukingo kwa ajili ya kukunja. Kukunja kingo siyo hiari. Kifaa hiki kinakaa mbele ya shingo ya mwendeshaji, na bati la geji 30 lisilokunjwa hukata kama wembe.

Fungia bati kwenye mbavu kwa skrubu, mbavu zikae upande wa ndani, yaani upande wenye shimo. Mgongo uwe laini, skrubu zisichomoze.

Bolti ya kushikilia bawa hupita kwenye ubavu wa chini. Usiiweke katikati. Hewa haisukumi bawa katikati. Nguvu yake hukusanyika mbele kidogo, na mahali pazuri pa kutoboa ni sm 12 kutoka ukingo wa mbele.

Bawa lisimame wima kwenye kipande cha mbele, mgongo ukitazama kushoto na shimo likitazama kulia kwa mtu aliyekaa kwenye tandiko. Pua ya bawa igeuzwe kushoto, na kiasi hicho cha kugeuza ndicho pembe unayoitafuta. Bati bapa lisimame kwenye kipande cha kulia, uso wake ukikabili mbele, liinuliwe sm 1.5 ili katikati yake ilingane kimo na katikati ya bawa.

Kwa mpangilio huu bati bapa linasukumwa nyuma na kutaka kuzungusha gurudumu kufuata mshale wa saa. Bawa linavuta kushoto na kulizungusha kinyume chake. Ukinzani wa bawa lenyewe, ile nguvu inayolisukuma nyuma, unapita juu ya ekseli na hauzungushi kitu. Ndiyo maana vipande viko nyuzi 90 kati yao; ukiviweka pande zinazotazamana, mizani itachanganya nguvu mbili zisizofanana.

Gundisha kadibodi chini ya bawa na uchore mistari ya pembe kutoka 0 hadi 30, kila baada ya nyuzi 2. Sifuri ni pale ambapo mstari ulionyooka kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma unaelekea sawasawa na mwendo wa baiskeli. Wengi hukosea kwa kupima mgongo wa pua badala ya mstari huo, na mgongo wa pua uko karibu nyuzi 19 mbali na ukweli.

Sasa sawazisha uzito. Shika gurudumu kwa ekseli yake, au kama limeshafungwa laza baiskeli ubavu, ili gurudumu lisimame wima, na ufunge washa upande wa kushoto na wa nyuma mpaka litulie popote unapoliachia. Usiposawazisha, kila baiskeli inapoyumba gurudumu litaelekea upande mzito, nawe utadhani ni hewa.

Kufunga kwenye baiskeli

Tumia vipande viwili vya skwea paipu, kila kimoja sm 60, vilivyobanwa kwenye usukani kwa bolti za U na kuunganishwa mbele kwa kipande kifupi. Ekseli ifungwe hapo kwa upande wake wa chini tu, sm 45 mbele ya usukani, ili juu kubaki wazi. Weka mkono mmoja wa kuegemeza kutoka kwenye uma wa mbele, la sivyo mashimo ya njiani yatatikisa kila kitu. Hakikisha ekseli imesimama wima kwa timazi wakati baiskeli imeshikwa imenyooka.

Weka vizuizi viwili vya mbao ili ringi isogee sm 5 tu kila upande kutoka pale kipande cha bawa kinapoelekea mbele sawasawa. Halafu kipo kitu ambacho watu hukisahau: pini. Mizani hii haitulii yenyewe. Gurudumu likianza kwenda kulia, bawa linapoteza pembe na kudhoofika, hivyo linazidi kwenda kulia. Likianza kushoto, bawa linapata pembe zaidi. Kama gurudumu limeshaegemea kizuizi kabla hujaondoka, linaweza kubaki hapohapo hata kama pembe imeshavuka mahali pa kulingana. Kwa hiyo toboa tundu kwenye kipande cha kulia na jingine kwenye fremu ya chini yake, pitisha spoku iliyokatwa kuwa pini, na ufunge uzi unaofika kwenye kidole chako. Unavuta pini ukiwa tayari kwenye kasi, na unatazama gurudumu linakimbilia wapi.

Mahali na saa

Upepo wa pembeni ndio utakaokusumbua kuliko vyote. Ukienda mita 5 kwa sekunde, upepo wa pembeni wa nusu mita kwa sekunde, ambao ngozi haiusikii, hugeuza pembe ya hewa kwa karibu nyuzi 6. Fanya kazi alfajiri kati ya saa 12 na saa 2, moshi wa majiko ukipanda wima. Makambako upepo hauchelewi, kwa hiyo wa huko wawahi zaidi.

Unahitaji mita 100 zilizonyooka, tambarare na bila magari. Mbeya mjini kuna vilima vingi, ila viwanja vya shule na eneo la John Mwakangale, Uyole, nje ya msimu wa Nanenane na kwa ruhusa, vinatosha. Barabara za mashambani kule Usangu zimenyooka vizuri wakati wa kiangazi. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia usiiguse kabisa: malori yana hatari yake, na upepo wanaouacha unaharibu kila kipimo.

Kuendesha na kusoma

Weka bawa kwenye nyuzi 6. Choma pini. Ondoka, fikia kasi ya kilomita 18 kwa saa, ambayo ni mita 100 kwa sekunde 20. Ukipita alama ya mita 30, nyoosha usukani, vuta pini juu taratibu, tazama. Gurudumu likienda kulia, bati bapa limeshinda, andika K. Likienda kushoto, bawa limeshinda, andika S. Rudi kwa upande wa pili na pembe ileile. Kisha ongeza nyuzi 2 na urudie, kila pembe mara tatu kwenda na mara tatu kurudi. Kasi siyo lazima iwe ileile kila safari, ila isishuke chini ya kilomita 15 kwa saa, kwani hapo msuguano wa gololi unaanza kutawala.

Tuseme ukienda herufi zinabadilika kutoka K kuwa S kati ya nyuzi 14 na 16, na ukirudi zinabadilika kati ya 20 na 22. Wastani wa 15 na 21 ni 18, na hilo ndilo jibu. Ile tofauti ya 6 ni upepo wa pembeni, ambao kwenda na kurudi umefutana. Tofauti ikizidi nyuzi 10, ahirisha hadi kesho yake.

Kama unapata K hadi nyuzi 26, kagua kwanza kama bawa halikufungwa kinyume, mgongo kulia. Kama herufi zinakuja ovyo kwenye pembe ileile, sababu huwa ni pini inayovutwa kwa mshtuko, usukani unaopinda wakati wa kutazama, au uzito usiosawazishwa. Kama kila kitu ni S tangu nyuzi 6, huenda mwili wa mwendeshaji unaziba hewa ya bati bapa. Sogeza ekseli mbele kidogo.

Bawa la pili

Usiishie hapo. Tengeneza bawa lingine lenye eneo lilelile la sm 900 za mraba, lakini refu: sm 60 kwa sm 15, mpindo wa sm 1.25, uzi wa kuchorea tao sm 23.1, bati sm 15.3 upande unaopinda, tundu la bolti sm 6 kutoka ukingo wa mbele. Liegemeze kwa waya mwembamba juu, kwa sababu urefu huu hutikisika, na rudia kusawazisha uzito. Kwa bawa hili anza kwenye sifuri, siyo 6.

Litalingana na bati bapa kwenye pembe ndogo zaidi kwa mbali. Eneo ni lilelile, mpindo ni uleule, kilichobadilika ni umbo. Kwenye bawa fupi hewa ya chini huvuja kuzunguka ncha kwenda juu, na ncha za bawa la mraba ni sehemu kubwa ya bawa lote. Ndugu Wright walilipima jambo hili kwa makini mwishoni mwa 1901, walipoona baiskeli imewaonyesha kosa lakini haiwezi kuwapa jedwali zima. Walitengeneza sanduku la upepo lenye urefu wa futi 6 na feni upande mmoja, ndani yake wakaweka mizani waliyoiunda kwa visu vya msumeno wa chuma na waya za spoku. Mabawa ya ndege ya 1901 yalikuwa futi 22 kwa 7. Ya 1902 yalikuwa futi 32 kwa 5, na ndege hiyo ikawabeba vizuri.

Cheni iliyopishanishwa

Baada ya bawa, fundi atapenda kuona cheni. Ndege ya 1903 ilikuwa na injini moja ya nguvu za farasi kama 12, iliyoundwa na Charlie Taylor, fundi wa duka lao, na propela mbili. Jino dogo la injini, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, lilikuwa na meno 8, la propela meno 23, hivyo injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, propela zilizunguka kama mara 350. Propela kubwa inayozunguka polepole husukuma hewa kwa upotevu mdogo. Na ili propela zizunguke kinyume na kufutiana msokoto, cheni moja ilipishanishwa kama namba 8.

Kuitengeneza: unganisha cheni mbili za baiskeli kuwa moja. Funga gia ya pedali ya meno 46 upande mmoja wa ubao wa mita 1.5, na jino la nyuma la meno 18 upande wa pili, umbali wa ekseli kama mita 1.1, kwenye tundu refu linaloruhusu kusogeza. Pishanisha cheni. Itauma meno pande zote mbili kwa sababu cheni ya baiskeli haina ndani wala nje. Tatizo liko kwenye makutano, ambapo nyuzi mbili za cheni husagana. Ndugu Wright walizipitisha ndani ya mabomba ya chuma. Wewe tumia mabomba mawili ya plastiki ya waya za umeme ya mm 20, kila moja sm 60, moja likipita mbele ya jingine, yamefungwa kwenye ubao kwa klipu. Paka mafuta kidogo ndani.

Tazama pia jinsi jino linavyofungwa kwenye ekseli yake. Mwezi Novemba 1903 injini yao ilitetemesha meno ya cheni mpaka yakalegea, na walichoyakazia ni gundi ya kubandikia tairi za baiskeli. Kwenye ubao wako, tumia jino lisilo na friiwili, lenye pini au lililochomelewa. Friiwili itashika ukizungusha upande mmoja na kuteleza ukirudisha, na cheni iliyopishanishwa inageuza upande, kwa hiyo jino litazunguka bure na utahangaika kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Cheni ikiruka meno, sogeza ekseli nyuma mm 5 kwa wakati. Ikinguruma ndani ya bomba, mabomba yamekaa karibu mno na meno, yarudishe katikati.